Pua ya Dominiko

Dominiko alikuwa anainama juu ya tenga la plamu, ananusa mara moja, halafu anakuambia tenga hilo litaozea wapi.

"Hili pakia, litafika Kariakoo. Hili mwisho wake Mlandizi. Hili shusha Morogoro, tena liuzwe leo."

Hagusi, habonyezi. Wanunuzi wa Dar walikuwa wanabonyeza matunda kwa dole gumba mpaka yanatoa machozi, na yeye anawaambia, "Ninyi mnamtomasa binti wa watu kabla ya posa." Mwanzoni walimcheka. Aliyemcheka alifika Chalinze maji ya plamu yanachuruzika mpaka kwenye matairi, na msimu uliofuata alikuja amevaa adabu.

Alikuwa shemeji yangu. Alimwoa mdogo wangu Felista, akahamia kwetu Nyandira, juu kabisa Mgeta, kwenye shamba la ukoo wetu. Sisi Waluguru ardhi na watoto ni vya upande wa mama. Mwanamume anakuja na jembe lake na mikono yake. Miti ile ya plamu aliipanda Dominiko mmoja mmoja, kwenye mteremko ambao mgeni akisimama lazima ashike majani. Miti yake, udongo wetu. Felista alipofariki kwa uzazi, wazee walitaka arudi kwa mama yake, ng'ambo ya bonde. Mjomba wetu akasema, "Mwacheni. Ana mtoto wetu, amlee." Mtoto huyo ni Leokadia, sisi tulimwita Kadia. Basi lieleweni hilo mapema: Kadia ndiye uzi uliomshona Dominiko pale Nyandira. Hakuwa na mwingine.

Mimi nilikuwa mjini Morogoro, nina meza yangu sokoni, na matunda yake mengi yalipitia kwangu. Ulikuwa wakati ule wa ruksa. Foleni za sukari na sabuni zimekwisha, kila mwenye lori anapanda mlimani kununua anachotaka, mitumba imejaa, maduka ya dawa ya watu binafsi yamefunguliwa kila kona. Kila kitu kipo. Cha kukipatia ndicho hakipo.

Kadia alipougua mara ya kwanza yalikuwa masika ya mwaka tisini na tatu. Alianza kunywa maji kama mchanga. Anakunywa, anatoka kukojoa, anarudi mtungini. Anakula kama mpagazi na bado anakonda, mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Nyandira hakukosekana mganga wa mdomo. Mmoja alisema minyoo, mwingine akasema ameonwa na jicho baya. Alipoanza kuhema wakasema pumu. Dominiko akamshusha mpaka kwangu, nami sikukaa kitako, nilimpeleka hospitali asubuhi ileile.

Nesi aliyetupokea aliitwa Nasra, mtu wa Matombo, upande wa pili wa milima yetu. Alimwinamia mtoto kumpima joto, akasita.

"Huyu amekula matunda gani?"

"Hajala kitu tangu jana," nikamwambia. "Akila anatapika."

"Ndiyo maana nauliza," akasema, na hapohapo akaita daktari.

Waliweka maji ya mshipa, wakachoma insulini, wakapima mkojo na damu. Mtoto alirudi. Kabla hatujaondoka, Nasra alituketisha benchi mimi na Dominiko, maana aliona tunaitikia "ndiyo sista, ndiyo sista" kama kuku wanaodonoa.

"Mnajua ndimu, mnajua magadi," akaanza. "Ndimu ni tindikali. Magadi na maji ya jivu ni kinyume chake, vikikutana vinatulizana. Sasa damu ya mtu imekaa katikati, imeegemea upande wa magadi kidogo, kidogo sana. Wenye vipimo wameipa namba. Maji safi ni saba. Ndimu iko chini, kwenye mbili. Maji ya jivu yako juu, kumi na zaidi. Damu ni saba na nukta nne, na haitaki kusogezwa. Ikishuka ikafika saba yenyewe, hapo sisi tunakimbia."

"Saba na saba na nukta nne ni majirani hao," Dominiko akasema.

"Majirani kwako, Baba Kadia. Namba hizi haziendi kama za matenga. Ukishuka hatua moja, ukali unaongezeka mara kumi."

Nilikumbuka darasani kwetu, mwalimu alivyotutuma maua mekundu ya kwenye ua wa misheni, tukayaponda, tukakamua ndimu juu yake yakawaka wekundu, tukatia maji ya jivu yakageuka kijani. Nikamwambia Nasra. Akafurahi kama nimemletea zawadi.

"Basi ndiyo hayo, dada! Sasa sikilizeni. Mwili unatengeneza tindikali mchana kutwa na usiku kucha, ukila, ukilima, hata ukilala. Kwa hiyo Mungu ameweka walinzi watatu. Wa kwanza yumo ndani ya damu, ni chumvi moja, ndugu yake magadi. Ikiona tindikali inaidaka na kuigeuza maji na gesi, ileile gesi ya kwenye soda. Wa pili ni mapafu. Ile gesi ikibaki ndani damu inachachuka, kwa hiyo mapafu yanaipuliza nje. Mtoto wenu hakuwa na pumu. Alikuwa anapuliza uchachu. Wa tatu ni figo. Figo zinakojoa tindikali na kurudisha yale magadi ya damu. Kazi yao nzuri sana, ila ni kama ofisi za serikali, njoo kesho, njoo keshokutwa."

Dominiko alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka tangu ashuke.

"Na kwa nini walinzi wa huyu wetu wamezidiwa?"

"Kongosho lake halitoi insulini. Insulini ni ufunguo. Sukari imejaa kwenye damu, lakini mlango wa kuingia kwenye nyama umefungwa."

"Kama maduka ya siku hizi," nikadakia. "Bidhaa mpaka darini, na wewe uko nje na njaa yako."

"Hasa. Basi mwili ukiona una njaa unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Na mafuta yakichomwa hivyo yanamwaga tindikali, nyingi kuliko walinzi. Moja ya taka zake ndiyo ile harufu ya mdomoni. Wengine wanasema ni kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mimi naisikia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi."

Dominiko akafikiri. Akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo mdomoni. "Si nimpe magadi anywe? Yapo nyumbani, tunapikia maharage."

"Utafukuza moshi na moto unawaka, mzee. Zima moto. Insulini asubuhi na jioni, asikose. Akihema bila kazi, akitapika, akinuka vile, msingoje mganga wala mjomba, mshusheni." Akatuangalia. "Huko juu hamna kipimo. Yupo mwenye pua nzuri nyumbani?"

Nilicheka mpaka wagonjwa wakageuka. "Sista, umemkalisha kwenye benchi lako!"

Dominiko alikuwa mtu wa ugoro tangu ujana. Alitoa kile kikopo mfukoni, akakitazama, akakiacha kwenye ndoo ya taka pale mlangoni pa wodi. Najua watu walioacha mke kwa urahisi zaidi.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Alfajiri, kabla ya moto kuwashwa, maana moshi unaharibu, na kabla ya yeye mwenyewe kutia chochote kinywani, Kadia anakuja kusimama mlangoni na kufungua mdomo. "Haaa." Baba anainamisha pua kama alivyoinama juu ya matenga.

"Nitafika wapi leo, Baba?"

"Kariakoo."

Halafu ndiyo siku inaanza. Nimelala kwao mara nyingi na nimeyasikia hayo nikiwa bado kitandani. Siku nyingine binti anamchokoza. "Baba, jana umekula kitunguu, leo utanusa nini, utajinusa mwenyewe!" Naye anajibu, "Pua yangu inajua kitunguu chake na inajua mtoto wake. Fungua kinywa." Bomba la sindano wanalichemsha kwenye sufuria yake peke yake, chupa ya dawa inakaa ndani ya chungu kilichozamishwa kwenye mtungi wa maji. Baridi ya Nyandira ndiyo iliyokuwa jokofu letu. Chupa ikikaribia kwisha, mimi natafuta nyingine mjini, siku inapatikana hospitalini, siku nazunguka maduka, naifunga kwenye kitambaa chenye maji na kumpa Yunusi. Huyu Yunusi ni mtu wa Kihonda, mnunuzi wa matunda na dereva wa lori lake mwenyewe, mmoja wa wale waliowahi kumcheka Dominiko na kumwagikiwa Chalinze.

Na pua ilifanya kazi, msidhani ni hadithi ya kujifurahisha. Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, chupa iliharibika bila mtu kujua. Asubuhi moja Dominiko aliinama, akainuka, akainama tena.

"Nitafika wapi?"

"Leo uko Mlandizi," akamwambia. "Vaa viatu."

Walishuka palepale, na Nasra alipompima alimpa Dominiko mkono kama wanavyopeana wanaume. "Mmewahi. Mngechelewa siku mbili tu tungekuwa na habari nyingine." Dominiko alirudi Nyandira anatembea kama aliyepewa uenyekiti. Nikamtania, "Shemeji, sasa utafungua hospitali, utunyang'anye wagonjwa." Akasema, "Nitafungua, na wewe nitakuweka mlangoni uwafukuze kwa ulimi wako." Kadia akacheka mpaka akakaa chini.

Wakawa na mpango. Msimu wa plamu wa Desemba ile, mavuno yote yangemtoa Kadia mlimani. Angekuja kukaa kwangu, ajifunze cherehani kwa masista, na awe karibu na hospitali. Dominiko ndiye aliyeupanga. Mjomba alikubali. Kadia alikuwa ameshachagua hata kitambaa cha kuanzia kujifunzia.

Sasa mtu asiyejua Mgeta wakati wa plamu nitamweleza nini? Miti yote inaiva kwa pamoja kama imeambiana. Mwaka ule ilikubali kupita miaka yote, matawi yanavunjika. Wanunuzi walikuwa wengi, wengine hata hawajui jina la kijiji, wanatuma watu shambani kuchuma plamu za wenyewe. Wezi walikuwa wamezaliwa pamoja na hiyo ruksa. Dominiko hakuweza kuacha tenga hata moja nje. Halafu mvua ikaja, si mvua ya kawaida, na udongo ukaporomoka ukakata barabara chini ya Langali. Malori yakabaki upande wa chini. Wakulima wakachuma, maana tunda halisubiri barabara, na kila mtu akaweka nyumbani kwake akingoja njia ifunguliwe. Nyumba ya Dominiko ilijaa matenga sebuleni, ukumbini, na chumbani kwa Kadia mpaka uvunguni. Alilala katikati ya plamu kama kokwa.

Na dawa yake nayo ilikuwa upande wa chini wa maporomoko, kwangu, kwa sababu Yunusi alikuwa hapandi.

Kadia aliona chupa inakwisha. Akaanza kupunguza. Badala ya kipimo chake akawa anavuta nusu, kisha nusu ya nusu, ili ifike siku barabara itakapofunguka. Hakumwambia baba yake. Alijua akimwambia, Dominiko ataacha plamu zioze na kushuka kwa miguu, na plamu zikioza, mpango wa mjini umeoza nazo. Alikuwa mtoto mwenye hesabu, masikini. Ila hesabu ya mwili haipunguziki kwa nusu.

Na kila alfajiri alisimama mlangoni, akafungua mdomo. "Haaa."

Dominiko aliinama. Alisikia plamu. Asubuhi hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Kuta zilinuka plamu, shuka zilinuka plamu, ndevu zake mwenyewe. Alimtoa mpaka barazani, na barazani napo kuna matenga. Akajiambia ni nyumba. Angejiambia nini kingine? Akasema, "Kariakoo," na binti akaenda kuchuma.

Alipoanza kuhema, alikuwa anapanda na tenga kichwani. Mgeta nani hahemi? Mteremko ule unahemesha hata mbuzi. Jirani mmoja alimpigia kelele kutoka shamba la juu, "Kadia, umezeeka kabla ya kuolewa!" naye akapunga mkono. Alipotapika alisema, "Nimekula plamu mbichi, Baba," na watoto wote wa Nyandira walikuwa wanatapika plamu mbichi wiki ile. Alipokunywa maji sana, kulikuwa na kazi. Kila dalili Nasra aliyotupa, mlima ulikuwa na maelezo yake.

Mimi sokoni nilianza kuwashwa. Nilijua chupa imekwisha au inakwisha. Yunusi alinambia, "Mama, njia haipiti gari, subiri Jumatatu." Nikamwambia, "Jumatatu ni ya kwako na plamu zako. Nipeleke mpaka gari itakapokwama." Akanipeleka mpaka kwenye maporomoko, nikavuka matope kwa magoti, chupa kifuani, nikapanda.

Nilifika mchana, mvua imekatika kidogo. Harufu ya ile nyumba ilinipokea kabla ya mtu. Kadia alikuwa ameketi kizingitini, amejiegemeza kwenye mwimo wa mlango, anachambua matunda yaliyopasuka.

"Shikamoo, Mama mkubwa," akasema, na lile neno moja akalikata mara mbili kwa pumzi.

"Marahaba." Nikasimama. "Umetoka shambani sasa hivi?"

"Hapana. Nipo hapa tangu asubuhi."

Alikuwa anahema kwa kifua chote, pumzi ndefu, za chini, za haraka, hazipumziki. Kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Na amekaa kitako.

"Dominiko!" nikaita, nadhani Nyandira nzima ilisikia. "Huyu amekaa! Anahemea mlima gani?"

Dominiko akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba, mikono imejaa wekundu wa plamu. Akapiga magoti mbele yake. "Kadia. Fungua kinywa." Akanusa. Akatikisa kichwa. "Nasikia plamu tu, shemeji. Nasikia plamu tu tangu juzi."

"Mtoe humu ndani."

Akambeba. Alipita naye baraza, akapita miti, akashuka kwenye kijito ambako maji yanapiga mawe na hakuna mti wa tunda hata mmoja, majani ya migomba tu na upepo wa mvua. Alimkalisha juu ya jiwe. Akanawa mikono, akanawa uso na ndevu kwa mchanga, akapenga kamasi. Halafu akainama.

Alikaa hivyo muda. Nilimwona mgongo.

"Bado plamu," akasema.

Kadia akamtazama. "Nitafika wapi, Baba?" Alikuwa anatania. Nawaambieni alikuwa anatania, na pumzi inamkatakata. Dominiko akambeba tena, tukarudi nyumbani.

Tulichemsha bomba, tukamchoma sindano kutoka chupa niliyoileta, tukampa maji akayarudisha. Hapo ndipo aliposema habari ya nusu na nusu ya nusu. Baba yake alisikiliza bila kupandisha sauti. Vijana walifunga machela ya miti na mablanketi, wakamshusha kwa zamu. Kwetu mgonjwa akishushwa kila nyumba inayopitiwa inatoa mabega, na siku ile nyumba zilitoa, watu wakaacha plamu zao. Matope yalikuwa yanawafika kwenye mashavu ya miguu. Kwenye maporomoko walimpitisha mkono kwa mkono kama ndoo ya maji penye moto.

Yunusi alikuwa ameshapakia matenga ya watu wa chini. Alipoona machela hakuuliza. Alipanda nyuma, akayatupa yale ya mbele ubavuni mwa barabara ili lori liwe jepesi kwenye utelezi, plamu zikabingirika kwenye mfereji. Tulikaa mbele, Kadia katikati yetu, kichwa chake kwenye bega la baba yake. Pumzi yake ilijaza ile kabini, harufu na sauti. Ile sauti nilikuwa nimeshaizoea mpaka nikawa napumua nayo.

Tulipokaribia Sangasanga, pale njia ya Mgeta inapoishia kwenye lami, ikapungua. Ikawa ndogo, fupi, ya taratibu.

Dominiko akageuka kwangu, uso umefunguka. "Shemeji, ametulia. Sindano imeanza kufanya kazi. Sikiliza anavyopumua vizuri."

Mimi mtu ananijua kwa ulimi. Nimewatukana askari wa manispaa na wajumbe wa nyumba kumi. Siku ile ulimi wangu ulilala. Nilikumbuka wale walinzi wa Nasra. Wa kwanza alikuwa amekwisha zamani, ndani ya damu. Wa tatu, ofisi yake haikuwahi kufungua. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa amebaki peke yake mlangoni, siku sijui ngapi, anapuliza na kupuliza. Na sasa alikuwa amechoka.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ametulia."

Yunusi alikanyaga mafuta. Alinielewa bila mimi kusema, maana alikuwa ananiangalia kwenye kioo.

Nasra ndiye aliyefungua mlango wa lori. Alimwinamia, na kwa mazoea yake akanusa, kisha akaweka vidole shingoni, kisha akaita wenzake wakaja mbio na kitanda. Walifanya yote. Maji, mishipa, hewa. Daktari alitoka baadaye akavua miwani. Dominiko hakulia pale. Alimwuliza Nasra, "Sista, ungekuwa nyumbani kwangu, ungesikia?"

Nasra alikuwa mtu mkweli, na wakati mwingine natamani asingekuwa. Akafikiri kwanza.

"Kwenye nyumba ya plamu? Harufu nisingesikia, Baba Kadia. Ile pumzi labda. Lakini sijui, mimi sijawahi kukaa mlimani."

Tulimzika Nyandira, karibu na mama yake. Barabara ilifunguliwa wiki ileile.

Siku ya kuanua tanga, wazee wa ukoo walikaa. Hakuna aliyekuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, ningepata wa kumtukana ningepona. Mjomba alisema kwa upole kwamba shemeji ni mtu mzuri, amelea vizuri, ila sasa hakuna mtoto wa kulea, na shamba lina vijana wa ukoo wanaongoja. Avune kilichobaki, halafu aende kwa mama yake. Nilisimama nikasema yangu, yote, mpaka mate yakakauka. Walinisikiliza. Walinijibu, "Dada, umesema vizuri." Na neno likabaki lilelile.

Dominiko alisema, "Sawa." Akachukua kikapu akaenda kuchuma.

Siku yake ya mwisho pale nilikuwepo. Matenga yalikuwa machache, ya plamu za mwishomwisho, yamepangwa kando ya barabara. Yeye alikuwa ameketi kwenye jiwe, kikopo kipya cha ugoro mkononi. Yunusi alishuka kwenye lori, akamwamkia, akasimama mbele ya tenga la kwanza na kusogea pembeni kidogo, kama alivyozoea, ili kumpisha.

"Baba Kadia, hili litafika wapi?"

Dominiko alitia ugoro puani, upande mmoja, kisha wa pili. Akapiga chafya.

"Sijui," akasema.

Yunusi alingoja. Alinitazama mimi, akamtazama tena yeye. Mwishowe akachukua tunda moja kutoka juu ya tenga, akalibonyeza kwa dole gumba mpaka likatoa maji. Dominiko alimwona. Hakumkemea.